Maji Ambayo Hayajagusa Ardhi

Wiki ya mwisho, kabla sijamkabidhi Zaituni ufunguo wa duka letu la betri, abiria mmoja aliteremka kwenye basi la kusini lililosimama hapa Kibiti watu wanywe chai. Kijana mtanashati, kofia kaigeuza nyuma, mkononi ana kidude cha chuma kinene kuliko kalamu. Alisema ni sigara ya umeme, betri yake imekufa, na anataka nyingine yenye namba ya nguvu kubwa kuliko zote. Zaituni akalivuta sanduku la kioo na kumtolea moja yenye ganda la zambarau, imeandikwa namba ndefu utadhani ya simu. Nikamwambia aniwekee kiganjani kwanza.

Mimi sijavuta sigara hata ya kupewa, na hiyo inayovutwa kwa betri sikuwahi kuiota. Lakini betri ni betri. Ile ya zambarau ilikuwa nyepesi mno. Yake iliyokufa, yenye namba ndogo, ilikuwa nzito zaidi. Nikamuuliza anaichaji kwa kitu gani. Akasema kwa chochote, chaja ya dereva, ya gesti, yoyote ile mradi waya unaingia. Nikamuuliza anailaza wapi ikichajiwa. Akasema chini ya mto, ili isiibwe. Basi nikamwambia Zaituni ampe nyingine nzito kama ile iliyokufa, yenye namba ya kawaida, pamoja na chaja iliyotengenezwa kwa ajili yake, nikamwonya asiitie mfukoni na funguo na sarafu, na ganda likichanika asiitumie tena. Na mto akaulalie mwenyewe. Basi likapiga honi, akaondoka akiniona mzee mwenye maneno mengi.

"Mzee, hata polisi wa kizuizi cha barabarani hawaulizi hivyo," Zaituni akasema. "Ungemuuliza na jina la bibi yake."

"Ningelikuwa na nafasi ningemuuliza."

"Basi tuandikie hayo maswali, maana wewe unaondoka na sisi tunabaki na wateja."

Ndiyo sababu naandika. Vyeo sitavitaja kwa kuwa havikuwepo, na mshahara wa duka hili mnaujua. Nitaandika jinsi nilivyojifunza kumchagulia mtu betri na chaja, na jinsi ambavyo kwa kuacha kuuliza swali moja nilikaribia kumpotezea kazi mwanamke mmoja wa Salale.

Nilianza kazi miaka ile ya ruksa, bidhaa zilipoanza kurudi madukani. Ninyi hamkuonja yaliyotangulia. Kabla ya hapo mawe ya redio yalikuwa ya kibali, na ukiyapata unayatunza kama mayai. Yakichoka hayatupwi. Yanaanikwa juani juu ya bati mchana kutwa, jioni yanarudishwa kwenye redio, yanatoa taarifa ya habari na nusu ya kipindi cha salamu, halafu yanazimia. Mama yangu aliyaanika ungo mmoja na makopa ya muhogo, na simkumbuki jirani aliyecheka, kwa sababu na yeye yake yalikuwa juu ya bati.

Ruksa ilipokuja zikaja redio kaseti zenye spika mbili, zinazokula mawe manane kwa wiki. Zikaja pia betri za magari, mpya, zenye karatasi za rangi, kutoka nchi ambazo hatukuwahi kuzisikia zikitengeneza kitu. Umeme wa nguzo Kibiti haukuwepo. Mwenye redio kubwa, mwenye harusi, msikiti wenye kipaza sauti, wote walihamia kwenye betri ya gari, na betri ya gari ikiisha lazima ipelekwe ikachajiwe. Wakati huo mahali penyewe palikuwa hapa, kwa Mzee Kipanga, mwenye jenereta moja iliyokuwa ikikohoa kuliko yeye.

Kipanga lilikuwa jina la utani. Walimwita hivyo kwa sababu alikuwa akikaa kibarazani anamwona mtu anakuja na betri kwenye baiskeli, bado yuko kule kwa muuza vitumbua, na anasema, "Ile imelazwa ubavu, maji yamemwagika." Na kweli yamemwagika.

Siku yangu ya kwanza nilivaa suruali mpya ya pamba, nionekane mtu wa ofisi. Mzee Kipanga aliitazama kutoka juu hadi chini. Akanipa betri kumi na mbili nizifute vichwa. Kesho yake mama alipoitia suruali majini ilibaki mkanda na mifuko. Yale maji makali ya betri ukiwa umevaa huyaoni yakila, yanasubiri sabuni. Nilirudi kazini na kaptura ya shule, na mzee akasema, "Sasa umeajiriwa." Ndipo aliponionyesha kopo la magadi, ambalo siku nzima ya jana lilikuwa nyuma ya mgongo wangu, akaniambia maji ya magadi yanayaua maji makali, ya kwenye nguo na ya kwenye vichwa vya betri. Nilimchukia kama siku nne hivi.

Alikuwa na kifaa kimoja alichokipenda kuliko jenereta, bomba la kioo lenye mpira wa kunyonyea kichwani na kipimo kinachoelea ndani, la kupimia ukali wa maji ya betri. Lilitundikwa msumarini peke yake, na mwezi mzima sikuruhusiwa kuligusa. Mwezi huo nilifundishwa kunyanyua. Aliniambia ninyanyue kila betri inayoingia, nitaje umri wake, halafu ndipo apime. Betri ina vibao vya risasi ndani, na risasi ni nzito. Anayetaka kukupunja anapunguza vibao na kuongeza rangi kwenye karatasi. Ilipita miezi mitatu mkono wangu ukaanza kusema kweli, na mpaka leo, vijana, ile namba mnayoisoma kwenye ganda mimi naipima kiganjani kwanza.

Mteja akitaka betri mpya, Mzee Kipanga hakumwonyesha kitu mpaka amjibu maswali mawili. Inakwenda kufanya kazi gani? Itachajiwa na nini? La kwanza watu walilijibu kwa furaha, wengine mpaka wakataja jina la bibi harusi. La pili waliliona la kero. Lakini mzee alikuwa mkali hapo. Chaja kubwa kwenye betri ndogo inaipika, na chaja ndogo kwenye betri kubwa inaichosha bila kuishibisha, na zote mbili zikifa mtu anakuja kumlaumu aliyemuuzia.

Na mteja akiondoka alikuwa na neno lake la mwisho, halibadiliki. "Maji yakipungua ongeza maji ambayo hayajagusa ardhi. Si ya mto, si ya kisima." Watu wa Kibiti walielewa mara moja. Mvua ikinyesha, baada ya bati kuoshwa na zile za mwanzo, unakinga maji ya mvua kwenye ndoo safi, unayachuja, unayatia chupani. Nami nikalishika neno hilo kama lilivyo, na nikawa nalisema kwa sauti nzito kidogo, kama yake.

Sasa nifike Salale. Kampuni moja ya kununua kambamiti ilikuwa imeingia delta, kule mto unakogawanyika kuingia baharini, na kwa wepesi wa miaka ile ikafungua vituo vya kupimia mpaka ndani kabisa ya mikoko. Kambamiti hawana subira. Bila barafu, saa sita mchana kichwa kimeshakuwa cheusi. Kwa hiyo kila kituo kilipewa redio ya upepo, ile ya kuitana na kujibizana. Saa moja asubuhi karani wa kituo anaita bandari ya Nyamisati, ambako barabara yetu inaishia majini, anasema ana kilo ngapi, na boti ya barafu inajua iingie mkono gani wa mto. Kituo kisichoita, boti haiingii. Jasho la usiku mzima la watu wa kijiji linamwagiwa kunguru.

Karani wa Salale alikuwa Bi Somoe. Mtu wa makamo, mwembamba, mjane, aliyejifunza hesabu kwa kuuza mchele, na mizani yake haikuwahi kubishiwa. Wanaume wawili watatu pale kijijini walikuwa wakiitaka nafasi ile, na walikuwa wakisema waziwazi kwamba mwanamke na mashine ni vitu viwili. Redio ya upepo ilikuja na mambo ya betri, nao wakakaa mkao wa kula.

Msimamizi wa kampuni, Bwana Faraji, alikuja dukani kununua betri na chaja. Alikuja na Bi Somoe mwenyewe ili afundishwe. Siku hiyo Mzee Kipanga alikuwa msibani Mohoro, na duka lilikuwa langu. Mwenzenu nikavimba. Niliuliza maswali yote mawili. Kazi ni redio ya upepo, kuita mara mbili kwa siku. Chaja itatumia jenereta ndogo ya taa za banda. Majibu hayo yalitaka betri ya wastani na chaja ya wastani. Lakini Bwana Faraji aliipenda chaja moja kubwa ya gereji, ina mshale unaocheza ndani ya kioo kama saa, na mimi sikuwa na moyo wa kumwambia mtu wa Dar mwenye viatu vya kufunga kamba kwamba anachokipenda ni cha kuchajia malori. Nikasema, "Hiyo ni imara sana, bosi." Sikuongopa. Ilikuwa imara sana.

Bi Somoe alikaa kwenye benchi, kanga ya pili magotini, akinisikiliza kama mtu anayehifadhi.

"Na maji yakipungua, fundi?"

"Ongeza maji ambayo hayajagusa ardhi, mama. Si ya mto, yana chumvi. Si ya kisima, yana udongo."

"Hayajagusa ardhi," akarudia. "Nimefahamu, mwanangu. Na yakigusa kidogo?"

"Hata kidogo."

Niliona nimefundisha vizuri sana. Mzee aliporudi nikamsimulia, akaguna tu, akauliza chaja ipi wamechukua. Nilipomwambia akaenda kuzima jenereta.

Haukuisha mwezi betri ikarudi, imekufa. Nilipoifungua ilinuka kitu kichachu, nikadhani ni maji ya ndani ya boti, maana boti zile zinabeba kila kitu. Nikawapa nyingine. Wiki tatu, na ya pili ikarudi na harufu ileile. Safari hii Bwana Faraji alikuja nayo mwenyewe, na viatu vyake vilikuwa na tope.

"Kituo cha Salale hakijasikika siku tisa," akasema. "Watu wamemwaga mzigo siku tisa. Nikipeleka betri ya tatu ikafa, redio naihamishia kijiji kingine na yule mama anarudi kwenye mchele wake. Wenzake wameshaniambia hawezi mashine. Wewe fundi twende, ukanionyeshe anachoifanyia."

Tulitoka Nyamisati asubuhi, betri ya tatu imo botini, maji yakiwa yanapwa, na tulipoingia mfereji wa Salale boti ikakaa kwenye tope, mbele hatwendi na nyuma haturudi mpaka maji yajae tena. Tulishuka tukapita juu ya boriti za mikoko zilizopangwa toka mtoni hadi bandani, Bwana Faraji akiwa kabeba viatu vyake mkononi. Watu walishajua tunakuja. Kulikuwa na hadhira, na wale wanaume wawili watatu walikuwa mbele.

Bi Somoe alitupokea kwa adabu, lakini macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala vizuri. Bwana Faraji hakukaa. Akasema, "Mama, mwonyeshe fundi unavyoongeza maji, kwenye betri hii mpya. Vilevile kama siku zote."

Hakubisha. Alinawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Akaenda nyuma ya banda, akarudi na mkwezi, kijeba mmoja mwenye mapaja kama mpingo, amebeba kikapu kilichofungwa kamba. Mkwezi akapanda mnazi, akakata dafu, na badala ya kulidondosha akalitia kikapuni akalishusha polepole kwa kamba. Bi Somoe alilipokea hewani kwa mikono miwili. Akalikata juu ya sinia, akakinga kitambaa cheupe, akayachuja maji yake ndani ya kikombe cha bati, akasema bismillahi, na akayatia kwenye kila tundu la betri bila tone moja kumwagika pembeni.

Katika miaka yangu yote ya kazi sijaona betri ikihudumiwa kwa usafi kama ule.

Bwana Faraji alianza kucheka, na banda zima likamfuata. Mmoja wa wale wanaume akasema na redio ipewe chapati. Mimi pia nilicheka, na hilo nalisema wazi kwa sababu ndilo linaloniuma. Kisha macho yangu yakakutana na ya Bi Somoe, na kicheko kikanikauka mdomoni.

"Nani kakwambia utie dafu?" Bwana Faraji akamuuliza.

Bi Somoe alifunika vitundu vya betri kimoja kimoja. "Nimetia mie," akasema.

Bwana Faraji akasema maji yakijaa ataondoka na redio, akaenda kutafuta kivuli. Watu wakatawanyika wakilibeba lile neno la chapati. Nikabaki na Bi Somoe, na sikujua mikono yangu niiweke wapi.

"Mama, mbona hukusema ni mimi?"

"Nikisema ni wewe, nawe ukafukuzwa, mie n'tapata nini?" Akakaa juu ya kreti. "Na wewe hukuniambia dafu, mwanangu, nisikusingizie. Uliniambia maji ambayo hayajagusa ardhi. Hebu inuka utazame hapa kwetu, unionyeshe mengine."

Niliinuka nikatazama. Mto, bamvua likija unajaa maji ya bahari. Kisima, ukionja mate yanakujaa. Bati hakuna hata moja, nyumba zote makuti, na mvua ikishuka kwenye makuti inatoka na rangi ya chai. Juu ya hayo yote ulisimama mnazi, na maji pekee ya Salale ambayo hayakuwa yamegusa ardhi yalikuwa yananing'inia kule. Mwanamke huyu alikuwa ameyatii maneno yangu mpaka kwenye kamba ya mkwezi. Aliyetamka bila kujua anachokitamka ni mimi.

Niliona haya kwelikweli. Na pia niliogopa, kwa sababu kampuni ile ilikuwa mteja mkubwa wa Mzee Kipanga, na fundi aliyewaulia betri mbili angetafutiwa njia ya kwenda kwao. Nilizunguka lile banda mara tatu. Maji yalikuwa yameanza kupanda mferejini nilipomfuata Bwana Faraji kivulini, watu wakiwa wamesharudi kutazama redio ikifungwa.

Nikasema, "Bosi, maneno yalikuwa yangu. Nilimwambia maji ambayo hayajagusa ardhi, na kwao hakuna mengine isipokuwa hayo. Na chaja niliyokuuzia ni ya malori, inaipika betri, ndiyo sababu maji yanaisha upesi na yeye anaongeza kila siku. Yeye amefanya kila nilichomwambia. Mimi ndiye sikumuuliza."

Bwana Faraji akatazama miguu yake yenye tope.

"Vizuri," akasema. "Basi wewe baki. Betri ya tatu hiyo hapo. Nataka kituo kisikike kila siku saa moja kamili, wiki mbili. Siku kisiposikika nakuja kuchukua vyote vitatu, redio, karani na fundi."

Boti ikaondoka. Nilikuwa na shati moja.

Kazi ya kwanza ilikuwa ile chaja. Mshale wake ulikuwa ukiruka mpaka mwisho wa kioo, na betri inachemka kama sufuria ya mchele. Chaja nyingine haikuwepo, lakini katika takataka za jenereta kulikuwa na taa ya mbele ya lori, nzima. Nikaiunga katikati ya waya wa chaja na betri, umeme upite kwanza kwenye taa. Taa ikala kilichozidi, ikawaka wekundu hafifu, na mshale ukatulia chini. Ile mbinu niliwahi kumwona Mzee Kipanga akiifanya mara moja tu, sikuuliza kwa nini, nikawa nashukuru kwamba angalau niliangalia. Bi Somoe aliniuliza kwa nini, nikamweleza, na akaniambia nieleze tena mpaka na mimi nikaelewa.

Kazi ya pili ilikuwa maji. Ile betri mpya tulikuwa tumeshaitia dafu hapo mbele ya watu, kwa hiyo nikaimwaga, nikaiosha mara nne kwa maji safi ya akiba niliyokuja nayo kwenye chupa, nikaijaza maji makali ya chupa ya pili, na chupa zote mbili zikabaki tupu. Haikuwa imekaa na dafu hata nusu siku, ikanisamehe. Lakini vibao vinakunywa kila siku, na kufika siku ya sita maji yalikuwa yanakaribia vichwa vya vibao. Ulikuwa mwezi wa masika na mvua imegoma. Bi Somoe alikuwa akitazama mbingu, mimi nilikuwa nikitazama vitundu.

"Mvua ikija tutaikinga na nini?" nikamuuliza hatimaye. Lilikuwa swali langu la kwanza kwake lisilo la betri.

Aliingia ndani akatoka na beseni la bati jeupe lenye maua, ambalo halikuwahi kutumika. Alikuwa ameletewa siku ya harusi yake. Tukachimbia fito nne mahali peupe, mbali na makuti na mbali na minazi, tukaliweka juu kwa kimo cha mtu, na kulifunika kwa kile kitambaa chake cheupe. Wale wanaume walipita wakauliza kama tunaanika uji.

Mvua ilikuja siku ya nane alfajiri. Ya mwanzo tuliimwaga, kwa kuwa ilikuwa na chumvi ya upepo. Ya pili Bi Somoe aliionja, akaniambia nionje. Haikuwa na ladha yoyote. Tuliongeza betri kwa kikombe kilekile cha bati, na saa moja kamili akashika kidude cha kuzungumzia, akajifunga kanga vizuri kana kwamba wa upande wa pili wanamwona.

"Nyamisati, Nyamisati, hapa Salale."

Kukawa na mchakacho, kisha sauti ya mtu. "Salale nakupata. Leo unasikika kama uko mlangoni."

Aliziba macho kwa kiganja. Kisha akasoma kilo zake, moja moja, bila kukosea.

Wiki mbili ziliisha tukiwa hatujakosa hata asubuhi moja, na redio haikuhama. Bi Somoe alibaki karani wa kituo kile mpaka kampuni yenyewe ilipofunga virago delta nzima. Chupa zake za maji ya mvua zilifika mpaka Kiongoroni, kwa wenye redio na wenye boti, na mmoja wa waliosema habari ya chapati alikuwa mteja wake wa kudumu.

Niliporudi Kibiti nilimsimulia Mzee Kipanga yote, nikingoja kusimangwa. Alisikiliza huku akisafisha kile kipimo chake cha kioo. Kisha akasema, "Neno hilo nimelisema tangu ujana wangu, Seifu. Wateja wangu wote walikuwa na bati." Akakitundika kipimo msumarini. Tangu siku hiyo aliuliza maswali matatu, na la tatu lilikuwa, "Na huko unakokaa kukoje?" Alikuwa akiliuliza kwa upole zaidi kuliko yale mengine.

Hayo ndiyo maswali, Zaituni. Yamefaa kwa betri za msikiti, yakafaa kwa redio, yakafaa nguzo za umeme zilipokuja na simu zikaja nyuma yake, na naona yanafaa kwa sigara ya yule kijana. Yeye anakaa barabarani, anachaji kwa chochote na analala juu yake. Mtu wa hivyo usimpe namba kubwa, mpe ile itakayomvumilia, na chaja yake itoke nayo pamoja. Akikuona una mdomo, avumilie na yeye.

Siku ya kuagana mlinipikia pilau na kunipa saa ya ukutani, nashukuru, inakwenda. Kuna aliyechelewa kufika, na wengi wenu mlikuwa mmeshaanza kuosha vyombo. Ni Mwajuma, binti wa Bi Somoe. Mama yake sasa miguu haimchukui, hatoki Salale. Mwajuma alikuwa kafunga kitu kwenye kanga kifuani, na alipofungua ilikuwa chupa ya kioo yenye maji, kizibo kimepakwa nta.

"Mama kasema ni ya masika haya," akasema. "Kanambia n'sije n'kaitua mahali. Nimeipakata botini, nimeipakata garini."

Nikaipokea kwa mikono miwili. Zaituni akacheka, akanikumbusha kwamba betri za siku hizi hazinywi maji. Nikamwambia najua, aiweke kabati la juu. Akaichukua, na kwa kuwa kabati lilikuwa limejaa maboksi, akainama aitue kwanza sakafuni apate kupangua.

Mimi na Mwajuma tukasema kwa pamoja, "Usiiweke chini."